Darasa la Utoaji wa Figo Msikitini, Dodoma: Tathmini Kutoka Nyuma ya Pazia

Mdogo wangu wa kiume husafishwa damu mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, na tangu aanze hakuna kikao cha familia yetu kinachokwisha bila mtu kutaja neno figo na kisha kunitazama mimi. Kwa hiyo mume wangu aliporudi kutoka swala ya Ijumaa na kunieleza kwamba limetangazwa darasa la siku moja kwa ajili ya Waislamu, kuhusu mtu aliye hai kumpa mwenzake figo, na kwamba litafanyika katika ukumbi wa msikiti mmoja hapa Dodoma mjini, nilimpigia simu mama mdogo kule Kondoa ili twende pamoja. Yeye ndiye ambaye neno lake likishatoka, wengine katika familia hunyamaza. Tathmini hii nawaandikia watu wenye mgonjwa kama wetu, wanaotaka kujua kama Jumamosi nzima na nauli ya kutoka wilayani vinastahili kutumika hapo. Msikiti na waandaaji sitawataja, kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo ni lawama.

Kwa ufupi, vinastahili. Ila mwanamke afike mapema akae karibu na spika, na sababu yake nitaieleza.

Darasa halina kiingilio, na chai na maandazi hutolewa bure. Kabla ya adhuhuri alizungumza daktari, baada ya swala akazungumza shehe, na alasiri yote ikaachwa kwa mtu mmoja aliyewahi kutoa figo na kwa maswali. Mpangilio huu una maana kuliko unavyoonekana. Nimewahi kukaa katika semina za afya ambapo kiongozi wa dini huitwa dakika tano za mwisho ili apige muhuri juu ya yale ambayo wataalamu wameshayaamua. Hapa shehe alikaa tangu asubuhi akisikiliza na kuandika, na alipopanda yeye, daktari naye alibaki kitini hadi mwisho, kila mmoja akimrushia mwenzake swali lisilo lake.

Kwa nini sasa? Kwa sababu jambo lenyewe limetusogelea. Kabla ya mwaka 2017, aliyehitaji figo alitafutiwa safari ya India, na wasio na uwezo hawakulizungumza kabisa. Muhimbili ilianza upandikizaji Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa Dodoma, ikaanza mwaka 2018 kwa kushirikiana na madaktari wa Tokushukai, kundi la hospitali kutoka Japani. Swali ambalo zamani lilikuwa la watu wenye pasi za kusafiria sasa linaulizwa sebuleni Nkuhungu na Chang'ombe, na linaulizwa kwa haraka, kwa kuwa mgonjwa yuko palepale amekaa.

Daktari alianza na machujio mawili ya chai, beseni, na jagi la maji yenye majani ya chai. Aliyashika machujio sambamba, msaidizi wake akamimina, maji yakapita upesi na majani yakabaki juu. Kisha akaweka chujio moja kando na kumwomba msaidizi amimine kwa kasi ileile. Maji yalipanda hadi ukingoni, yakasitasita, lakini hayakumwagika. Mzee mmoja upande wa wanaume akasema kwa sauti kwamba basi mtoaji hubaki nusu mtu. Daktari hakumpuuza. Alisema mzee ameona sawa kwa machujio ya dukani, ambayo hayakui, lakini figo inayobaki mwilini hutanuka na kuongeza kazi, na kwa kawaida mtoaji mwenye afya hufikia takriban asilimia 70 ya uwezo aliokuwa nao na figo zote mbili. Nilipenda kwamba aliukosoa mfano wake mwenyewe mbele yetu badala ya kutuacha twende nao nyumbani ulivyo.

Hapo akaingia katika hesabu, na hapo ndipo nilipoanza kuliheshimu darasa hili. Kwa takwimu za Marekani za mwaka 1994 hadi 2009, takriban watoaji 3 kati ya 10,000 walifariki ndani ya siku 90 za upasuaji. Kwa makadirio ya maisha yote, watoaji wapatao 90 kati ya 10,000 watakuja kushindwa figo wenyewe, ilhali kwa watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa, idadi hiyo ni 14. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba presha ya ujauzito au dalili za kuelekea kifafa cha mimba ziliwapata asilimia 11 ya mimba za wanawake waliotoa figo, dhidi ya asilimia 5 za wale ambao hawakutoa. Aliitamka takwimu hiyo ya mwisho taratibu, mara mbili, akiwa ameligeukia pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na wasichana wengi ambao bado hawajazaa. Mtu anayetaka tu kupata watoaji angeipitisha haraka.

Jambo lingine lililowashtua wengi ni la ndugu. Kwetu huaminika kwamba waliotoka tumbo moja lazima walingane. Daktari alieleza kwamba, mbali na kundi la damu, kuna alama za urithi ambazo mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kwa hiyo kati ya ndugu wa baba na mama mmoja, nafasi ya kulingana kikamilifu ni moja kati ya nne, ya kulingana nusu ni mbili kati ya nne, na ya kutolingana kabisa ni moja kati ya nne. Mama mdogo alinigusa goti. Nadhani alikuwa akihesabu wanawe. Mengine, kama vipimo vya mkojo na sukari na wiki nne hadi sita za kutobeba ndoo, yalielezwa vizuri na sina haja ya kuyarudia.

Shehe hakuanza na aya ambayo kila mtu aliitarajia, ile ya Suratul Maida inayosema kwamba anayeihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote. Alianza na hadithi ya kutodhuru na kutodhuriana, akasema kwamba mlango wa suala hili ni madhara ya mtoaji kabla ya manufaa ya mpokeaji, kwa kuwa kanuni ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inasema madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo sawa nayo. Kisha akatusomea masharti manne yaliyowekwa na Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1985 katika kuruhusu kiungo cha aliye hai: kutolewa kwake kusimletee mtoaji madhara yanayovuruga maisha yake ya kawaida, atoe kwa hiari bila kushurutishwa, upandikizaji uwe ndiyo njia pekee ya kitabibu ya kumtibu mgonjwa, na mafanikio ya kutoa na ya kupandikiza yawe ya uhakika au yenye kutazamiwa sana.

Lililotangulia lingeweza kusomwa na yeyote. Uzuri wa somo ulikuwa katika kuyapima masharti hayo moja baada ya jingine kwa yale tuliyoyasikia asubuhi. Kuhusu la kwanza, alirudi kwenye zile namba za 90 na 14, akasema kwamba ruhusa ya wanazuoni inamhusu mtu aliyepimwa akaonekana yuko salama, na kwamba mwenye presha au kisukari asitafute aya ya kumwingiza katika hatari, kwa kuwa Qur'ani ileile imekataza kujitupa katika maangamizo. Kuhusu la tatu, kijana mmoja aliuliza swali zuri kuliko yote ya siku hiyo: ikiwa mashine ya kusafisha damu ipo na inamweka mtu hai, upandikizaji unakuwaje njia pekee? Shehe alimpa daktari nafasi aeleze tofauti ya kuishi kwa mashine na kuishi kwa figo, akaongeza kwamba hitaji zito huweza kuhesabiwa kama dharura, akaendelea mbele. Kwa maoni yangu hapo aliharakisha. Swali lile lilistahili robo saa, na kijana aliketi akiwa na uso wa mtu ambaye hakushiba.

Hakuficha kwamba wapo waliokataa. Aliwataja Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani na Shehe Sha'rawi wa Misri, na akaieleza hoja yao kwa uadilifu: mwili ni milki ya Mwenyezi Mungu, na mtu hawezi kutoa zawadi kitu ambacho yeye mwenyewe ameaminiwa tu. Akasema wanaoruhusu nao huuita mwili amana, ila huona kwamba mwenye kuaminiwa amepewa ruhusa ya kuitumia amana katika lile analoliridhia Mwenye mali. Kwa kuwa wengi wetu ni Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, alikumbusha pia kwamba vitabu vya madhehebu yetu vilishazungumzia zamani mtu aliyeungwa mfupa kwa mfupa wa najisi baada ya kukosa ulio safi, na vikampa udhuru. Alisisitiza kwamba hilo si suala la figo, bali linaonyesha kuwa wanazuoni wetu hawakuwa wageni wa kufikiri juu ya kuunganisha mwili kwa kisichokuwa chake.

Juu ya fedha alikuwa mkali. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lenye makao yake Jeddah lilipitisha mwaka 1988 kwamba kiungo cha binadamu hakiuzwi kwa hali yoyote, na likaacha kwa ijtihadi, yaani juhudi ya wanazuoni ya kutafuta hukumu, suala la mpokeaji kutoa mali kwa dharura au kwa kumkirimu aliyempa. Shehe alitoa mfano ambao nusu ya ukumbi ulicheka kwa kujitambua: familia inayomwambia mmoja wao, mpe kaka yako figo nasi tutakuandikia lile shamba la zabibu. Akasema shamba likitajwa kabla, hiyo ni biashara, hata kama wote wanaitana ndugu.

Maswali yaliandikwa kwenye vikaratasi, na huu ulikuwa uamuzi wa busara. Kimoja kilitoka upande wetu, na niliuona mkono uliokipeleka, mkono wenye hina ambayo haijafifia. Kiliuliza kama msichana akimpa mchumba wake figo watakuwa ndugu, kama walionyonya ziwa moja, na ndoa ikawa haramu. Wanaume walicheka. Shehe aliwanyamazisha, akasema huu ndio mfano wa swali ambalo mtu hulala nalo miezi kwa kuona haya, kisha akajibu kwamba umaharimu, yaani uhusiano unaoharamisha ndoa, huletwa na nasaba, na ndoa, na kunyonya utotoni kwa masharti yake, na kwamba damu ya kuongezewa na kiungo cha kupandikizwa havimo. Mama mdogo naye alitaka kujua siku ya kufufuliwa figo itamfuata nani. Alijibiwa kwa aya za Suratul Qiyama, kwamba anayeweza kuzisawazisha ncha za vidole hashindwi kujua figo ni ya nani. Aliridhika. Mimi pia, ingawa sikuwa nimeuliza.

Lakini lililonifanya niandike haya yote lilichukua dakika kumi tu. Mwanamke mmoja aliuliza kama anahitaji idhini ya mume. Shehe akasema mwili ni wake na ridhaa ni yake, na kushauriana na mume ni katika kukaa kwa wema, kwa kuwa yeye ndiye atakayemuuguza. Lakini mume hana haki ya kumlazimisha atoe, wala kaka, wala baba, wala mama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ruhusa si wajibu. Kwamba jambo likiwa halali, anayelifanya kwa ikhlasi ana ujira, na asiyelifanya hana dhambi, na anayemwita muuaji wa ndugu yake ndiye mwenye dhambi. Daktari aliongeza kwamba, kama ilivyo desturi ya vituo vya upandikizaji, mtoaji huhojiwa peke yake, chumba kimefungwa, bila familia. Na kwamba akisema humo ndani kuwa hataki, familia huambiwa tu kwamba hafai kuwa mtoaji, bila kutajiwa sababu.

Nimeishi na mgonjwa wa figo kwa muda mrefu, nimesikia mawaidha mengi juu ya kujitolea, na hakuna aliyewahi kunieleza kwamba kile chumba kipo. Nimesoma kwamba darasa la aina hii lilijaribiwa katika misikiti ya Marekani, chini ya daktari na mtafiti Aasim Padela, na kwamba lengo lilikuwa watu waamue wakiwa na elimu, si kuwasukuma watoe. Sijui kama waandaaji wetu walilifuata, lakini roho ni ileile, na ndiyo inayolitofautisha darasa hili na kampeni. Ukienda ukitazamia kwamba ndugu yako atashawishiwa huko, utarudi umekasirika.

Sasa lawama. Pazia la ukumbi lilikuwa zito, spika ya upande wa wanawake ilikuwa moja, na ilikoroma kila aliyekuwa na simu alipopita karibu nayo. Michoro ya daktari, ikiwemo ile ya mahali figo mpya inapowekwa, yaani chini ya tumbo, si mgongoni, ilionyeshwa ukutani upande wa wanaume pekee. Machujio tuliyaona kwa sababu dada mmoja alisogeza pazia na hakuna aliyemkataza. Sipingi pazia. Ninachosema ni kwamba katika nchi nyingi wanawake ndio wengi miongoni mwa watoaji hai, na kwetu pia macho ya kikao huenda kwanza kwa dada na kwa mama. Kuwaweka hao mahali pasipoonekana mchoro ni kuwafundisha wasiohusika sana na kuwaacha wanaohusika. Turubai jeupe la pili na spika ya pili havingegharimu zaidi ya yale maandazi.

Kijitabu kilichogawiwa kina kurasa chache na elimu nyingi, lakini kimeandikwa na mtu aliyesahau wasomaji wake. Istilahi za fiqhi zimeachwa kwa Kiarabu bila maelezo, maneno ya kitabibu yameachwa vivyo hivyo, na herufi ni ndogo kiasi kwamba mama mdogo alinipa nimsomee. Ukurasa wa masharti manne pekee ndio ulioandikwa kwa Kiswahili cha mtu mwenye huruma. Hakuna mahali panapozungumzia saumu, ingawa swali la Ramadhani liliulizwa mara tatu na likajibiwa vizuri kwa mdomo: kwamba aliyetoa figo na akapona huweza kufunga akiruhusiwa na daktari wake, na kwamba aliyepokea ana dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo, za kila siku na kwa saa maalumu, kwa hiyo asijiamulie peke yake.

Ushuhuda wa alasiri ulitolewa na kijana aliyempa figo dada yake, na wote wawili wazima, alhamdulillahi. Ulikuwa wa kupendeza, na ulikuwa mmoja. Baada ya asubuhi ya namba za kweli, nilitazamia kumsikia pia mtu ambaye figo aliyoitoa ilikataliwa na mwili wa mpokeaji, au aliyepimwa akarudishwa, au hata aliyesema hapana. Kijana alipoulizwa alikula nini na familia yake wakati wa wiki zile za kutofanya kazi, alitabasamu akasema watu walimchangia. Mwendesha shughuli akapokea kikaratasi kingine. Kwa bodaboda, kwa mama lishe, kwa mkulima wakati wa palizi, lile ndilo swali la kwanza, na darasa lililipita kama gari linavyopita kituo ambacho hakina abiria.

Tulitoka jua likielekea kuzama, upepo wa Dodoma ukitujaza vumbi machoni. Mama mdogo hakuzungumza hadi tulipofika kituoni. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mwanangu, kile chumba cha kuhojiwa, na mimi nikija kupimwa wataniingiza peke yangu?" Nikamwambia ndiyo, walisema kila mtu. Aliondoka na kijitabu kesho yake kwenda Kondoa, amekifunga ndani ya kanga, na kurasa alizozikunja pembe ni mbili: ule wa masharti manne, na ule wa mwisho wenye namba ya simu.